Kitanda Kilichotangulia Kuta

Msumeno ulilia, ukakwama. Anicet akauchomoa kwenye mguu wa kitanda, akapitisha kidole kwenye makali yake. Meno kadhaa yalikuwa yamekatika.

"Iko nini?" Swadiki aliuliza kutoka mlangoni. Alikuwa kaka wa bwana harusi, na pikapu yake ilingoja uani ipeleke kitanda Koboko.

"Jiwe."

"Jiwe ndani ya mti? Mzee, unatafuta sababu tu."

Kitanda kilikuwa cha mvule. Mvule wa zamani hujifungia jiwe ndani ya kidonda chake, na hata randa hailioni. Mbao hizo alizijua tangu ujana wake Kongo: mchwa hawaziwezi, mvua haizitishi, na vumbi lake huwasha shingo na kuziba pua. Sasa macho yalikuwa yakimchuruzika. Binti yake, Daniella, akatazama pembeni akidhani baba analia. Hakuwa akilia. Tangu wamzike mkewe, Kavira, alikuwa akingoja kilio kama mtu anayengoja basi lililokwisha kupita.

Kitanda kilikuwa cha Kavira. Kabla ya kufa alisema Daniella akiolewa aende nacho. Tatizo lilikuwa ujinga wa zamani. Walipohamia hapa Mvara kutoka Kongo walisimamisha nguzo na kuezeka mabati kwanza, mvua isiwakute. Anicet akakiunda kitanda kivulini humo, bila msumari hata mmoja, kwa vigingi vikavu ambavyo baadaye vilivimba vikashika kama mfupa. Ndipo wakapandisha kuta za matofali ya udongo kukizunguka. Kavira alipoupima mlango kwa mikono, kisha akapima kitanda, akaona hakipiti, alicheka hadi akakaa chini. "Sasa utanifukuza namna gani? Mimi na kitanda hatutoki!"

"Sisi tuliambiwa kitanda," Swadiki alisema. "Nikifikisha vipande, mama atauliza, hii ni kitanda ao kuni?"

"Shemeji, nyamaza kidogo," Daniella alisema. "Baba, iache. Mimi nitalala hata kwa mukeka."

"Mama yako alisema iende."

"Mama hakusema uikate."

Anicet aliinama akatazama alipokata. Nje mbao ilikuwa imekuwa nyeusi kama chai iliyochemka sana. Ndani ilikuwa bado ya manjano, mbichi machoni, kama siku aliyoinunua.

Akatoka, akampita Swadiki, akarudi na sururu.

"Mzee?"

"Toa pazia kwa dirisha."

Alipiga chini ya dirisha. Ukuta haukumbishia. Tofali la kwanza lilianguka nje, kisha mengine yakalifuata, na mwanga ukaingia mpaka mahali ambapo haukuwahi kufika.

Wanaume wanne wa mtaani walikibeba kupitia tundu hilo, wakiguna na kutukanana. Pikapu ilididimia. Daniella alimshika baba mkono.

"Nendeni," Anicet alisema. "Mvua isiwakute njiani."

Walipoondoka alikaa sakafuni, pale kitanda kilipokuwa. Udongo wa hapo ulikuwa laini, haujakanyagwa. Kupitia tundu la ukuta aliona njia yote, boda zikipita, wanafunzi wakitoka shule.

Jirani yake Peace akapita na beseni la samaki kichwani, akapunguza mwendo.

"Baba Daniella! Habari ya huko ndani?"

Alifungua kinywa aseme nzuri. Haikutoka.

"Karibu," alisema.

Peace akashusha beseni, akatazama mlango, akatazama tundu, akabaki amesimama, hajui aingilie wapi.