Herufi Mgongoni

Ratiba ile niliichora mimi, kwa rula na kalamu za rangi tatu, juu ya meza ya jikoni kwetu Södertälje, Uswidi, na mpaka leo nasema ilikuwa ratiba nzuri. Jumatatu hesabu, Jumanne kusoma, na kila Ijumaa mtihani. Kiwandani ninakounganisha malori, kila spana imechorewa umbo lake ukutani, ili isipokuwepo ijulikane mara moja. Nikamwambia binti yangu Emmanuella: kama ni lazima uende, nenda na utaratibu. Akaikunja, akaitia kwenye begi, akaenda kufundisha kwa kujitolea mwaka mzima katika kijiji kimoja cha kaskazini ya Togo ambacho jina lake bado linanishinda kulitamka.

Sikutaka aende. Mimi niliondoka Fizi, kule Kongo, kwa miguu, siku kumi na moja, na kila hatua nilijiapia kwamba mtoto nitakayemzaa hatalijua vumbi lile. Mtoto akazaliwa huku, akasoma, akafikisha miaka ishirini na mitatu, kisha akalifuata vumbi kwa ndege. Mama yake, Célestine, hakusema ndiyo wala hapana. Alimfungia sabuni na dawa za malaria, akarudi kwenye kazi yake ya kuwaogesha wazee katika makao yao.

Kila Jumapili tukitoka kanisani, Emmanuella alipiga simu. Mtandao ulipatikana juu ya rundo la mawe nyuma ya zahanati, na huko ndiko alikosimama akitusimulia. Watoto wanafika alfajiri, kila mmoja na kigoda chake kichwani, wanafagia uwanja kabla jua halijawa kali. Kuku mmoja ametaga katika kabati la chaki na hakuna anayethubutu kumfukuza. Upepo wa jangwani ukivuma, watoto wanaingia darasani na kope nyeupe kama vizee. Tulicheka sana miezi ya mwanzo. Kufika Januari hadithi zikaanza kupungua, na Jumapili moja ya Februari hapakuwa na hadithi hata moja.

Siku hiyo nilikuwa peke yangu sebuleni, simu ikiwa kwenye spika. Célestine alikuwa jikoni anachemsha chai na Wilkister, Mkenya wa Farsta tunayesali naye, ambaye huja kwetu kwa treni kila Jumapili na kusema hakai.

"Papa, jag orkar inte," alisema Emmanuella, yaani siwezi tena. Mwanangu akihamia Kiswidi, najua nguvu zimemwisha kweli.

"Kuna nini, mama?"

"Niko na watoto tisini na wanne, Papa. Ubao ni mmoja. Walioko mbele wanasoma, wa nyuma hawaoni kitu, wanaona migongo tu. Basi wanapiga kelele, na mimi napiga kelele. Wiki moja kusoma inakosa nusu ya darasa, wiki inayofuata hesabu. Ratiba yako nimeibandika ukutani, hawaifuati. Sema tu nirudi. Ukisema wewe, nitakuwa sijashindwa. Nitakuwa nimetii."

Mungu ananiona, nilifurahi. Neno lilikuwa tayari mdomoni, tamu. Miezi mitano iliyobaki niliifuta kichwani kwa mkupuo mmoja, nikaona kitanda chake kimetandikwa na viatu vyake mlangoni.

"Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini," nilianza kusema.

"Hajavunjika guu," ilisema sauti nyuma yangu. "Amechoka."

Célestine alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi. Akaliweka chini, akanipokonya simu bila kuomba.

"Emma, hizo kelele nyuma yako ni za nini?"

"Soko, Maman."

"Soko Jumapili? Na wiki iliyopita lilikuwa siku gani?"

"Jumatatu. Liko kila siku ya sita."

"Basi linahama, na watoto wanahama nalo. Wanabeba mizigo ya mama zao. Wewe unafikiri wanakudharau, kumbe wako sokoni." Célestine alinitupia jicho. Mimi nikaliangalia birika. "Na hao wa nyuma, unasema hawaoni ila migongo?"

"Migongo tu."

"Bon. Tuwape migongo."

Akawasha kamera, akaiegemeza simu kwenye birika ili mtoto atuone, akasukuma meza ukutani, akaniamuru nikae sakafuni nikielekea dirisha. Wilkister akaambiwa akae nyuma yangu, na gauni lake la kanisani.

"Haki, Mama Emma, mimi nilikuja chai tu," alisema, lakini akakaa.

Célestine akapiga magoti nyuma ya Wilkister. Mbele yangu palikuwa na karatasi na kalamu. "Herufi inaanza nyuma," alisema, "inakuja mbele. Anayeipokea anaiandika kwenye mgongo wa aliye mbele yake. Wa mwisho anaiweka ubaoni. Hakuna kusema. Hakuna kucheka. Anayecheka, mstari mzima unaanza upya."

Niliona kama mchezo wa watoto, nikatabasamu. Kidole cha Wilkister kikapita mgongoni mwangu haraka, nami nikaandika S bila kufikiri.

"Umekisia," alisema mke wangu. "Usikisie. Subiri ifike."

Nimeishi na mwanamke huyu miaka ishirini na mitano. Najua sauti yake ya kuomba, ya kukemea, ya kuzungumza na ofisi. Ile sikuwa nimewahi kuisikia. Haikuwa kali wala haikupanda. Ilijaa tu chumbani, ikawa hakuna mahali pengine pa kuelekeza masikio. Akaufuta mgongo wa Wilkister kwa kiganja, Wilkister naye akanifuta wangu, na tukaanza tena. Safari hii nilifumba macho. Ili kuipokea herufi kwa ngozi inabidi mtu anyamaze mpaka ndani, na nilipokuwa nimenyamaza hivyo niliisikia ikija: mstari wa kwenda chini, tumbo, kisha mguu uliotupwa pembeni. Nikaandika R.

"Ndiyo," alisema Célestine, na mimi, mzee wa miaka hamsini na minne, nilijisikia nimepewa zawadi.

Akamgeukia mtoto simuni, akamwambia mengine kwa mpangilio ambao hata kiwandani sijausikia. Mistari minane. Anayejifunza polepole usimweke mwisho, mweke katikati, ili awe na mkono nyuma yake na mgongo mbele yake. Herufi ikiharibika njiani, usiulize nani kaiharibu. Anza na majina yao, siyo a, e, i.

"Maman," Emmanuella alisema, "haya umeyajulia wapi?"

"Jaribu wiki hii. Papa yako atakupa jibu Jumapili ijayo."

Hivyo ndivyo nilivyopewa wiki moja niliyokuwa sijaiomba.

Wilkister alipoondoka nilimsaidia mke wangu kurudisha meza. Nilijua kwamba alifundisha. Alikuwa ameniambia tulipofahamiana, "nilifundisha kidogo kambini," nami nikalipokea neno hilo kama mtu anavyopokea habari kwamba mwenzake aliwahi kuugua surua. Usilolijua ni usiku wa giza. Sasa nikamuuliza hiyo kidogo ilikuwa kiasi gani.

"Miaka sita," alisema.

Watoto wakimbizi mia na ishirini chini ya turubai moja. Chaki ziliisha, zikakaa miezi saba bila kuletwa, ndipo akaanza kuandika migongoni. Alianza na majina kwa sababu majina ndiyo yaliyosomwa siku za kugawiwa chakula, tena na watu wasiojua kuyatamka, na mtoto anayelijua jina lake kwa macho hapotei. Kulikuwa na msichana mmoja, Heshima, aliyeletwa kambini peke yake. Wiki sita hakutoa neno. Akawekwa katikati ya mstari, na siku ya kwanza herufi ilipomfikia alilia, kisha akainua kidole akaipeleka mbele.

"Hakuna aliyekuwa amemgusa kwa wema tangu njiani," alisema Célestine, akikunja kitambaa cha meza. "Mimi nilidhani nafundisha herufi."

"Na huku kwa nini hukuendelea?"

"Huku niliambiwa nisomee ualimu upya tangu mwanzo, miaka na miaka. Nikachoka kuomba kuwa vile nilivyo."

Alisema hivyo bila uchungu, akaingia jikoni kuosha vikombe. Nilibaki nimesimama sebuleni, nimeona aibu. Miaka yote hiyo nilikuwa nikijisifu kanisani kwamba nyumbani kwangu kila kitu kipo mahali pake.

Jumatano, saa ya mapumziko, kiwandani, simu yangu ilitetemeka. Emmanuella alikuwa ametuma video ya sekunde arobaini bila neno lolote. Niliifungua nikiwa nimeegemea kabati la zana, na kwanza nikadhani sauti imeharibika, maana sikusikia kitu. Nikaongeza sauti. Nikasikia kuku. Nikasikia upepo kwenye bati. Ndipo nikaelewa kwamba sauti ilikuwa nzima, na kwamba watoto tisini na wanne walikuwa wamekaa kwenye vigoda vyao, macho yamefumbwa, kimya.

Mistari minane. Jua liliingia mlangoni likiwa na vumbi lake, na katika mwanga ule niliona vidole vikiinuka, kimoja baada ya kingine, kutoka nyuma kuja mbele. Mabega yakishtuka kidogo herufi inapofika. Mvulana mkubwa akiiandika polepole kwenye mgongo wa mdogo, kwa uangalifu, kana kwamba anambebea maji. Mbele kabisa msichana wa miaka saba au minane alifumbua macho, akasimama, akaenda ubaoni, akaandika A, akaitazama. Baada yake viganja vyote vikafuta migongo yote kwa pamoja.

Niliitazama mara nne. Josefin, fundi mwenzangu kwenye mstari wetu, aliniuliza kama kuna msiba. Nikampa simu. Aliangalia mpaka mwisho, akauliza wale watoto wanafanya nini.

"Wanasoma," nilisema. "Mke wangu anawafundisha."

"Yuko wapi?"

Saa ile Célestine alikuwa umbali wa vituo viwili vya basi, anamvalisha mzee soksi. Na alikuwa pale pia, katika chumba kile chenye kuku, kwenye kila kidole. Mshangao ulionipata sikuwahi kuupata hata siku niliyoiona theluji mara ya kwanza. Nilirudi kazini nikafunga skrubu zangu, na spana zilizochorwa ukutani nikaziona kitu kidogo sana.

Hata hivyo sitajifanya mwema. Woga wangu haukuondoka. Alhamisi niliota anaumwa, Ijumaa nikaangalia safari za ndege, na Jumapili niliamka nikiwa bado na lile neno la kumwambia arudi, na bado nalitaka. Mtu anaweza kustaajabia mto na bado asipende mwanawe auvuke.

Emmanuella alipopiga, nilikuwa nimekaa sakafuni. Sijui kwa nini. Wiki ile nilikuwa nimeizoea sakafu. Célestine alikuwa kwenye kochi nyuma yangu. Mtoto akatueleza bila kupamba. Majina sitini yameshafika ubaoni. Watoto kumi na mmoja bado hawapokei kitu. Juzi mstari wa tano walicheka wakaanza upya mara nne. Homa ilimshika siku mbili, imeondoka. Anamkumbuka kila mtu, hata theluji.

"Leo ni Jumapili, Papa," alisema. "Niambie. Nirudi?"

Nikavuta pumzi. Ndipo nikahisi kidole mgongoni.

Nilidhani mke wangu ananiandikia amri, na nikajikaza kuipinga. Nikaanza kukisia: ataandika mwache, ataandika nyamaza. Kisha nikakumbuka, nikafumba macho, nikasubiri ifike. Mstari wa kwenda chini na vijiti vitatu: E. Kiganja kikafuta. Milima miwili: M. Kiganja. Milima miwili tena. Kiganja. Halafu A.

Mikono yake ni ya mtu anayeogesha wazee. Haina haraka, na ina joto. Alipomaliza A hakufuta. Kidole kilibaki pale, mwisho wa jina la mtoto wetu, kikingoja.

"Papa? Unanisikia?"

"Nakusikia, mama." "Soko lijalo ni siku gani?"

Akahesabu kwa sauti, huko kwenye mawe yake. "Ijumaa."

"Ijumaa," nilisema. "Basi kwenye ile ratiba, futa mtihani wa Ijumaa. Wape Alhamisi."

Nilisikia upepo kwenye simu, na mbali, watoto wakiitana. Kisha nikasikia kalamu ikikwaruza karatasi.

Nyuma yangu Célestine alinyoosha kiganja, akaufuta mgongo wangu wote, kutoka bega hadi bega, polepole, kama mwalimu ambaye bado ana somo jingine la kuandika.