Hodi kwa Mama wa Kansas

Jumamosi, zamu yake ya kutunza wazee ilipokwisha, Jedidah alipanda basi kutoka Tottenham hadi jumba la sanaa kando ya mto, na mkobani ana majani ya chai na tangawizi. Juma lililotangulia alikuwa ameona humo picha ya mchoraji mmoja Mmarekani, iliyochorwa wakati wa vita: nyumba ya mbao huko Kansas, barabara ya vumbi, mwanamke mezani akikitazama kiti kitupu. Macho yale aliyajua. Aliyaona kwenye kioo chake kila asubuhi tangu mwanawe Eddie apelekwe vitani na simu yake inyamaze.

Nyumba ya watu haiingiwi kimyakimya. Jedidah akasimama mbele ya picha, akapiga hodi.

"Karibu," akajibu mwanamke.

Jedidah akavua viatu, akavuka fremu, akaingia ndani ya picha. Ian, mlinzi wa chumba kile, alimkumbusha asiache mkoba sakafuni.

Wakachemsha chai ya maziwa. Mama wa Kansas alieleza kwamba mumewe naye yuko vitani, na kwamba mchoraji hakuweka posta, basi barua hazifiki. Jedidah akashangaa mlango wa nyuma kufungwa ilhali mtu wa nyumbani yuko safarini; kwao mama yake asingekubali. Akaufungua.

Vumbi likatimka barabarani. Mtu mwenye magwanda alikuwa anakuja. Wote wawili walisimama, kila mmoja akiomba miguu ile iwe ya mtu wake. Mguu wa kushoto ulichechemea kidogo, na Eddie alichechemea hivyo tangu auumize mpirani.

"Mum, kuna chapo?" akauliza alipofika, akiwaza chapati kama zamani. Alisema aliona mlango wazi.

Jedidah akapiga vigelegele. Ian akamwomba apunguze sauti, naye akaongeza. Hakuwahi kufurahi namna ile tangu azaliwe. Mama wa Kansas akamkung'uta Eddie vumbi, akamketisha kwenye kiti kile, akammiminia chai. Kisha akawasindikiza hadi kwenye fremu, na basi zima la kwenda Tottenham likaimba.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Safari hii aliyepona ni mgeni. Vita vinaendelea, na kiti bado ni kitupu. Lakini mlango wa nyuma haujafungwa tena, na kila Jumamosi Jedidah na Eddie hupiga hodi wakiwa na chapati. Moja hufunikwa, ikawekwa kando, ya mume mwenye kiti.