Goti la Mshambuliaji Bora

Usimwone Mazengo anachechemea ukadhani ni goti la hivi hivi. Goti lile lilikuwa na heshima zake Nzuguni nzima. Kila Jumamosi jioni, maveterani wa mpira wa mtaa wakishamaliza kufungwa na kuhamia kwenye mbuzi wa kuchoma, mwenye goti alivutiwa kiti chenye mikono, mguu ukapandishwa juu ya kreti la soda, na lazima atokee mtu wa kusema, "Angekuwepo Mazengo leo!" Naye aliinamisha kichwa kama mchungaji anayesifiwa, huku anatafuna maini.

Aliumia mwaka juzi, siku walipocheza na maveterani wa Chimwaga. Hakuguswa na mtu. Alibaki yeye na goli tupu, akaukosa mpira, akapiga ardhi, goti likalia ko! Sasa sikiliza hadithi ilivyokua. Kwanza alikuwa amekabwa na beki mmoja. Baadaye wakawa wawili. Kufikia msimu wa zabibu ni mabeki watatu na kipa, tena goli alishafunga ndipo wakamvunja.

Maumivu yenyewe yalikuwa ya kweli, tusimwonee. Ngazi za wizarani, kazini kwake, alizipanda kwa kujivuta, na kitandani hakugeuka bila kuita jina la mama yake. Alikandwa maji ya chumvi, akapakwa mafuta ya kondoo, akapakwa kila kinachopakika. Mwishowe mkewe, Penina, alichoka kulala na harufu ya zizi, akamburuta hospitali kwa Generosa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Binti yule hana mzaha. Alimwegemeza ukutani, magoti yamekunjwa kama amekalia kiti kisichokuwepo, akamwambia akae hivyo hivyo. Mwanaume alitokwa machozi! Nyumbani Penina alisimamia zoezi lile lile mkononi ana mwiko, asubuhi na jioni, wala hakutaka kusikia visingizio.

Basi goti likaanza kupona, na hapo ndipo matatizo yalipoanza. Goti likipona, Mazengo atakuwa nani? Afisa wa masjala mwenye kitambi, basi. Alijijua. Tangu ujana wake mpira ulikuwa unamkimbia, na goti bovu ndilo lililomfanya mshambuliaji bora Dodoma. Akaanza kuchechemea kwa bidii zaidi, hasa akipita karibu na uwanja.

Lakini maveterani wana desturi yao: majeruhi haendi hospitali peke yake. Siku ya kupimwa mara ya mwisho akasindikizwa na nahodha mwenyewe, Bartolomayo, jirani yake ukuta kwa ukuta.

"Shikamoo baba," alisema Generosa, kisha akalikunja goti, akalinyoosha, akamchuchumalisha, akamrusha kichura. "Limepona. Rudi ukacheze."

"Hebu angalia vizuri, binti yangu," Mazengo alibembeleza. "Hakuna kamshipa kamegoma huko ndani?"

"Hakuna, baba."

Bartolomayo alimkumbatia mpaka kofia ikaanguka. "Jumamosi unaanza!"

Na kweli alianza. Weee! Kukimbia alikimbia, goti zima kama la kijana, ila mpira ukienda kulia yeye yuko kushoto. Krosi nzuri aliipiga kwa bega. Pasi za wenzake ziliishia kwa adui, na mara moja aliwanyang'anya watu wa timu yake mwenyewe. Kabla ya mapumziko Bartolomayo alimwita nje kwa adabu, akamwambia apate maji.

Walifungwa, kama kawaida. Kwenye mbuzi Mazengo alikaa akisubiri mtu aseme neno. Walizungumzia mvua, bei ya saruji, harusi ya mtoto wa mtu. Hakuna aliyemtaja. Iliuma, tena iliuma kuliko ule mguu siku ulipolia. Akashindwa kuvumilia.

"Jamani, si nyie mliokuwa mnasema ningekuwepo tungeshinda? Miaka miwili mnasema! Mlikuwa hamjui ninavyocheza?"

Bartolomayo alimeza nyama, akajifuta vidole taratibu.

"Tulikuwa tunajua, kaka," alisema. "Ile ilikuwa ni pole. Mtu kaumia, utamwambia nini kingine? Sasa umepona, tukudanganye ya nini?"