Nakala Tatu kwenye Sanduku Moja

Umeme ulipokatika Kitwe na kurudi kwa kishindo, uliunguza seva moja pamoja na diski zake zote. Kasuba hakushtuka. Ndiye aliyeziunganisha seva tatu zifanye kazi kama ghala moja, na kila picha ya eksirei ya kifua cha mchimba mgodi ilikuwa na nakala tatu. Moja ikifa, mbili zinabeba.

Lakini kompyuta ilimwonyesha picha mia nne na kumi zisizo na nakala hata moja.

Akaifungua kanuni ya kugawa nakala, akaisoma. Mwezi wa tano, seva mbili zikiwa bado zimekwama forodhani Chirundu, aliiamuru ile iliyofika iweke nakala kwenye diski zake tatu tofauti, ili kazi ianze. Nyingine zilipofika akaziunga, kanuni asiiguse. Kwa hiyo picha nyingine zilitawanyika, nyingine nakala zake zote tatu zikalala kwenye sanduku moja. Lile lililoungua.

"Tuzichukue tena kwenye filamu za zamani," alisema.

Mkuu wake, Bwana Chitalu, alicheka bila furaha. "Filamu zipi, binti? Si wewe uliyesaini kwamba zote zimeingia kwenye kompyuta, tukaziuza? Waliozinunua wameshaziyeyusha kutoa madini ya fedha. Saa hizi ni bangili za watu."

"Na Mama Chomba yuko nje tangu asubuhi."

"Mwambie ni umeme. Umeme haushtakiwi."

Mama Chomba alikuwa kwenye benchi, kitenge cha msiba kiunoni. Mumewe, mchimba mgodi, alizikwa mwezi wa saba. Kampuni ya mgodi ilidai ameuawa na sigara. Jumatatu baraza la fidia lingetaka picha inayoonyesha vumbi mapafuni.

"Umenipatia, mwanangu? Yule mzee hata akiwa hai alikuwa akikimbia kamera."

"Haipo, mama. Imepotea kabisa."

"Ni huu umeme wetu?"

Kasuba alimwona Chitalu mlangoni, akitikisa kichwa taratibu.

"Umeme umeua mashine moja tu. Picha nimeipoteza mimi. Nilipanga vibaya."

Mama Chomba akatoa kwenye mkoba bahasha ya hospitali, akaigeuza upande usioandikwa.

"Andika hivyo hivyo. Sasa hivi, kabla huyo mkubwa wako hajakufundisha kusahau."

"Haitaonyesha vumbi, mama."

"Najua. Itaonyesha kwamba picha ilikuwepo. Andika."

Akaandika. Chitalu alikwisha kufunga mlango.