Makofi kwa Lorraine

Saa mbili kamili asubuhi simu za kliniki zilifunguliwa, na Lorraine, aliyekuwa amekaa na kidole juu ya kitufe tangu chai ichemke, akajikuta mtu wa ishirini na tisa kwenye foleni. Mashine ndiyo iliyomwambia, kwa sauti ya mwanamke mchangamfu, kisha ikampigia muziki. Aliilaza simu mezani, kati ya birika na vidonge vya mumewe, akarudi kwenye bomba. Alikunywa bilauri nzima akiwa amesimama. Akajaza nyingine, akainywa, akashika ukingo wa sinki. Suruali yake ya kazini ilikuwa imefungwa kwa mkanda wa Neville, na hata huo mkanda Neville alikuwa ameutoboa tundu jipya kwa msumari.

"Bwawa la mji mzima utalikausha wewe," Neville alisema nyuma ya gazeti.

"Nina kiu, Nev. Kinywa kikavu utadhani nimelamba chaki."

"Ndiyo sukari hiyo, bibie. Karibu chamani. Mimi mwaka wa kumi na mbili huu nalipa ada."

Alitania kwa sababu aliamini anachosema. Sukari aliijua. Waligundua anayo alipokuwa kwenye kiwanda cha vioo, kabla hakijafungwa; wakampa vidonge vikubwa vyeupe, wakamwambia apunguze chipsi na bia, atembee. Alipunguza bia, chipsi alizipunguza mbele ya watu, na alikuwa mzima. Siku hizi alikusanya vitoroli kwenye maegesho ya supamaketi, na kutembea alitembea hata asipotaka.

Kwa hiyo Lorraine alipopewa habari ileile, mwanzoni mwa majira ya machipuo, Neville hakushtuka. Alikuwa amemsindikiza. Muuguzi, mama mmoja nadhifu aitwaye Philippa, alimtazama Lorraine kuanzia viatuni mpaka kichwani, akamtazama alivyojaza kiti, na tone la damu kidoleni lilikuwa halijakauka alipotoa hukumu.

"Aina ya pili, kama mzee wako. Umri huu, mwili huu, ndiyo yenyewe."

Akampa vidonge vilevile. Juu ya hivyo akampa nafasi katika klabu ya kupunguza uzito, kliniki ikilipa. Lorraine alipokea vyote kwa macho ya chini, kama mtoto aliyekutwa na mkono ndani ya kopo la biskuti. Nyumbani walivipanga vidonge vyao dirishani, pakiti ya mume na pakiti ya mke, na Neville, hasemi uongo, alifurahi kidogo kupata mwenzake.

Muziki ulikatika. "Mapokezi."

"Samahani kukusumbua, mama," Lorraine alianza. "Nilitaka kuonana na daktari. Nachoka sana. Na kiu, na haja ndogo kila saa, na nguo zinanivuka."

"Nafasi za leo zimekwisha, mpenzi. Piga kesho saa mbili. Au ni dharura?"

Lorraine alimtazama Neville. Katika mtaa wao, neno dharura lilikuwa la mtu aliyeangukiwa na paa. Mama yake Lorraine alivunjika nyonga akangoja mpaka Jumatatu, asiwaharibie madaktari wikendi yao.

"Hapana," alisema. "Si dharura. Asante sana."

Akavaa koti akaenda kazini, kuwaogesha wazee majumbani mwao na kuwavika soksi. Siku asiyoenda hakulipwa.

Ngojangoja huumiza matumbo. Alipiga kesho yake, na keshokutwa, na wiki iliyofuata Muuguzi Philippa mwenyewe akapiga simu. Lorraine aliifungulia sauti ili Neville asikie.

"Kipimo cha juzi kinaonyesha sukari yako bado iko juu, Lorraine. Unakula nini pembeni?"

"Sili kitu, Sista. Nakula majani kama sungura."

"Damu haidanganyi, mama."

"Lakini nimekonda! Muulize mume wangu."

"Na hilo nakupongeza, klabu wameniambia. Ina maana dawa inafanya kazi, ila mdomo ndio bado. Tutaongeza vidonge."

"Tumbo linanichafuka. Natapika. Daktari hawezi kunipima tena, aone kama…"

"Hivyo ndivyo vidonge vilivyo, vinachafua tumbo. Meza baada ya kula. Daktari tumwachie wagonjwa mahututi, sawa?"

"Sawa, Sista. Samahani."

Alipokata simu alikaa, mikono mapajani. Neville alimwekea maji bila kuombwa.

"Mimi pia vilinitapisha mwanzoni," alimwambia. "Utazoea."

Mahali pekee ambapo Lorraine hakuomba samahani palikuwa klabuni. Kila Jumanne jioni wanawake walikusanyika katika ukumbi wa kanisa, wakavua viatu, wengine mpaka hereni, wakapanda mizani mmoja mmoja mbele ya Kerry-Ann, mwenye klabu, ambaye sauti yake ilisikika mpaka barabarani. Kila mmoja alileta tunda moja. Aliyepungua kuliko wenzake wiki hiyo alibeba kikapu kizima, wote wakasimama wakampigia makofi, na Jumanne iliyofuata akakirudisha kitupu kwa ajili ya mshindi mwingine. Kikapu hicho Lorraine alikuwa amekibeba mara nyingi mpaka wenzake wakaanza kumtupia maneno.

"Wewe Lorraine, tuachie na sisi, au unatunza sokwe nyumbani?"

Tangu shule hakuwahi kuwa wa kwanza katika jambo lolote. Alirudi nyumbani kikapu kiunoni, akiburuta miguu, anacheka. Neville alimfungulia mlango akampigia makofi yake peke yake, pale kizingitini. Majirani walisimama kumsifu. Kikongwe mmoja aliyemwogesha alimwambia amekuwa msichana, akamuuliza siri yake nini.

Jumanne ile ya mwisho aliingia na zabibu, mapeasi na chungwa moja kubwa, akakaa kwenye ngazi na koti lake, hana nguvu ya kupanda. Neville akainama kumbusu. Akasita.

"Umekula peremende."

"Nini?"

"Zile za peasi. Nasikia harufu mdomoni mwako, Lorraine. Miaka thelathini nimelala na wewe, naijua pumzi yako."

"Sijatia peremende mdomoni tangu machipuo. Haki ya Mungu."

"Basi ndiyo maana sukari haishuki! Sista anasema, nami nakutetea, kumbe mwenzangu unakula gizani kama panya!"

Alimpekua mifuko ya koti hapo hapo, mtu mzima na mkewe. Akatoa funguo, leso ya karatasi, kalamu ya kazini. Lorraine alimwacha apekue. Machozi yalimtoka, kisha alisimama kwa kushika ukuta akaenda jikoni kunywa maji.

Walilala wakiwa wamegeuziana migongo. Jumatano alikwenda kazini. Alhamisi alikwenda. Ijumaa mchana Neville alimkuta sakafuni bafuni, anahema kwa kina na haraka kama mtu aliyekimbia, macho yamefunguka na hayamwoni. Harufu ya peremende ilikuwa imejaa chumba kizima.

Hospitalini vitanda vilipangwa ukutani kwenye korido, na Lorraine alikuwa kwenye kimojawapo, dripu mbili mkononi, mpaka walipompeleka ndani mbio. Neville aliachiwa kiti cha plastiki na viatu vya mkewe. Daktari aliyekuja kumtafuta alikuwa binti mdogo, Daktari Rukhsana. Alichuchumaa ili wawe macho kwa macho.

"Mzee, mkeo anajidunga insulini kiasi gani?"

"Hajidungi. Anameza vidonge, kama vyangu. Ana aina ya pili."

"Nani alisema ya pili?"

"Kliniki."

"Walimpima nini?"

Neville alifikiri vizuri, kwa kuwa alitaka kusema kweli. "Sukari, kidoleni. Kisha uzito tu," alisema.

Binti alifumba macho kidogo. Kisha akamweleza polepole. Mwili wako wewe, mzee, insulini unayo, ila mwili umekuwa sugu, hauisikii. Vidonge vinausaidia uisikie. Yeye mwili wake wenyewe umeishambulia kongosho, sehemu ile inayotengeneza insulini, ukaiua. Hana. Huwezi kuuambia mwili usikie kitu ambacho hakipo. Sukari inabaki kwenye damu, mwili unakufa njaa katikati ya chakula, unaanza kujila, mafuta kisha misuli.

"Ndiyo maana amekonda," Neville alisema.

"Ndiyo maana. Na mafuta yakiunguzwa hivyo yanamwaga asidi kwenye damu. Pumzi inanukia kama matunda. Kama…"

"Peremende za peasi."

"Ndiyo. Watu wengi wanasema hivyo."

Neville aliviweka viatu sakafuni, akavipanga sawasawa. "Mimi nilijua hiyo nyingine ni ya watoto."

"Inampata mtu wa umri wowote, mnene au mwembamba. Kuna kipimo cha damu kinachotofautisha."

"Ghali?"

"Hapana."

"Na dawa yake, hiyo insulini, ni ya kutafuta?"

Daktari alitazama sakafu. "Iko kwenye friji la kila duka la dawa, mzee. Tunampa sasa hivi kwenye mshipa. Tunajitahidi."

Kila mwezi Neville alisimama mbele ya friji hilo kungoja vidonge vyake. Lilikuwa na mlango wa kioo na taa ndani. Alitaka kuuliza kama wangempa Lorraine tangu machipuo ingekuwaje, lakini watu wengine pale koridoni walikuwa wanangoja daktari huyohuyo, akaona aibu kumshikilia.

Walimruhusu akae kando ya kitanda. Alimwomba msamaha kwa ajili ya mifuko ya koti, akarudia mara nyingi, karibu na sikio. Mashine ilimpumulia Lorraine. Jumapili asubuhi moyo wake ulisimama. Waliuamsha, ukasimama tena, na safari hiyo haukuamka.

Jumanne simu ya Lorraine ililia juu ya meza ya jikoni. Ulikuwa ujumbe wa klabu: *Mshindi wetu, leo usikose! Na kikapu usisahau!* Kikapu kilikuwa pale pale, kando ya simu. Zabibu zilikuwa zimeota ukungu. Neville alimwaga kila kitu kwenye pipa, akakiosha kikapu kwa sabuni na brashi, akakifuta, akavaa koti lake jeusi. Kitu cha watu lazima kirudi. Na watu waliokaa na mkewe Jumanne zote zile walistahili kuambiwa kwa mdomo, si kwa simu. Njiani aliyapanga maneno. Yalikuwa machache.

Ukumbini wanawake walikuwa wamekaa nusu duara. Mizani ilikuwa mbele, na ukutani juu yake palibandikwa nembo ya kliniki. Kerry-Ann alikiona kikapu kabla ya kumwona mtu.

"Jamani! Mume wa bingwa huyo! Yeye mwenyewe yuko wapi, kaenda kununua nguo mpya?"

Kicheko kikapita. Neville alivua kofia. "Lorraine…" alianza.

"Ngoja, ngoja mzee wangu, nina habari nikwambie mbele ya watu. Sista Philippa amenipigia leo mwenyewe. Anasema katika wote ambao kliniki imetuletea, hakuna aliyepungua kama mkeo. Hata mmoja! Wanataka kumtolea mfano. Mnasikia, akina mama? Mnaona inavyowezekana?"

"Lorraine amefariki," Neville alisema.

Lakini alisema hivyo kwa sauti ya chini anayotumia mtu ndani ya jengo la kanisa, na Kerry-Ann alikuwa ameshainua mikono. Makofi yakaanza mbele yakaenda mpaka nyuma. Viti vikasukumwa, wakasimama wote, wamevua viatu, nyuso zimewaka furaha ya kweli, maana Lorraine walimpenda. Mmoja akapiga mluzi. Mwingine akaita, "Na sokwe wake atuachie na sisi matunda!"

Neville alisimama kando ya mizani, kofia mkono mmoja na kikapu kitupu mkono wa pili. Hakutaka kuwakatiza. Alingoja wamalize.