Alichokuwa Akisoma Arij

Jumanne ile Mwalimu Rudayna alifika shuleni akiwa amevaa miwani myeusi. Asubuhi alikuwa amepita kwa daktari wa macho, akatiwa dawa ya kupanua mboni, na jua la majira ya baridi la Tafila, mji wa milimani kusini mwa Jordan, lilivyopiga kwenye mawe meupe ya kilima, lilikuwa linamchoma. Hata hivyo hakuahirisha kipindi. Alikuwa mwalimu wa elimu maalumu wa siku mbili kwa wiki, Jumapili, ambayo huko ni siku ya kazi, na Jumanne. Siku nyingine alifundisha katika shule ya Busayra. Kipindi kikipotea hapa hakikuwa na wa kukifidia.

Mwanafunzi wake wa saa ile alikuwa Arij, msichana wa miaka tisa aliyekuwa bado darasa la kwanza. Maneno aliyoweza kutamka yalikuwa machache, na mgeni asingeyaelewa. Lakini tangu msimu wa kuchuma zeituni alikuwa akisoma. Rudayna alipanga kadi tatu mezani, akataja neno, na Arij akaweka kidole kwenye kadi yenye neno hilo. Mkate. Mlango. Kisima. Alikosea kwa nadra. Bi Haifa, mkuu wa shule, alikuwa amewahi kuwaita walimu wengine waje kushuhudia.

Siku ile ya miwani alikosa yote.

Hakuwa akiangalia kadi. Alikuwa akiinamisha kichwa na kunyoosha shingo, kama mtu anayechungulia chini ya pazia. Rudayna alidhani mtoto ameogopa miwani. Akaivua, akavumilia mwanga, wakaanza upya. Arij akapata yote.

Mwalimu mwingine angeishia hapo na kushukuru. Rudayna alipanga tena kadi zile zile. Akasema "mlango", huku macho yake akiyaelekeza kwenye kadi ya mkate. Arij akaweka kidole kwenye mkate, akacheka, akasubiri kupigiwa makofi. Akasema "kisima" na kutazama mlango. Arij akachagua mlango. Mwisho akasema "mkate" na kutazama dari. Kidole cha Arij kikazunguka juu ya meza, kikasimama hewani, kikarudi mapajani.

Kosa hili linajulikana katika kazi yao, na hufundishwa mwaka wa kwanza chuoni: mwalimu humsaidia mtoto bila kujijua, na mtoto hushika msaada akaacha somo. Rudayna alikuwa amejihadhari na mikono yake, sauti yake na mpangilio wa kadi. Macho yake hakuyakagua.

Kamati ya tathmini ilikuwa inakuja Jumapili. Huja mara moja kwa mwaka. Arij akionekana kuwa anasoma, angepandishwa darasa la pili na kubaki shule ile, nyuma ya ukuta wa nyumba yao. Asipoonekana, angepelekwa kituo cha bweni Amman, ambako watoto hurudi kwao mwisho wa mwezi.

Alikwenda kwa Bi Haifa, akamweleza kama ilivyo.

"Basi mwangalie," Bi Haifa alisema. Alikuwa akipasha viganja kwenye jiko la gesi. "Jumapili kaa mbele yake, mwangalie kama siku zote. Nani amekukataza?"

"Nitakuwa ninamfanyia mtihani, Bi Haifa."

"Ajabu! Mwalimu wa siku mbili, dhamiri ya siku saba."

"Darasa la pili lina watoto arobaini. Hakuna atakayekaa mbele yake kumtazama. Watamweka nyuma apake picha rangi mpaka kengele."

"Apake. Kengele ikilia aende akale chakula cha mama yake, alale kwa mama yake. Ubaya wake nini, mwanangu?"

Rudayna naye alisogeza mikono karibu na jiko.

"Kule Amman wataanza naye mwanzo," akasema hatimaye. "Kila siku. Siyo siku mbili."

"Wewe umeshakiona hicho kituo?"

"Bado."

"Haya. Mimi nimekiona."

Jioni alipita kwa mama wa Arij. Mama Wisam, aliyeitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, alikuwa mjane, akiuza mikate kutoka kwenye tanuri la uani. Alimkalisha mgeni karibu na moto, akamtilia chai yenye majani ya maramia, mmea wa harufu nzuri, akamwonyesha gauni la kijani alilomshonea binti kwa ajili ya Jumapili.

"Mama Wisam, huenda asifaulu," Rudayna alisema.

"Akiwa na wewe? Kunywa chai bwana, usiniletee baridi ndani."

"Nasema kweli. Nimegundua jambo."

"Mwalimu." Mama Wisam aliweka gauni magotini. "Akiwa mbele yako hafeli. Kunywa."

Rudayna akanywa, na jambo lenyewe hakulisema.

Jumapili alikuja Ustadhi Munzir kwa niaba ya kamati, mtu mpole mwenye mafua, aliyeomba radhi kila alipopiga chafya. Alimwona Arij katika gauni lake la kijani, akamsifu, Arij akaficha uso kwa aibu. Bi Haifa alisimama karibu na jiko. Mama Wisam alisimama mlangoni, kwa kuwa alikataa kiti.

"Mwalimu, kaa pale alipokuzoea," Munzir akamwambia Rudayna, akimwonyesha kiti kilichoelekeana na cha mtoto. "Sitaki aogope. Mimi nitakaa pembeni."

Bi Haifa akamkazia Rudayna macho. Kiti kilikuwa wazi, na mwenye mtihani ndiye aliyemkaribisha.

"Nitakaa nyuma yake," Rudayna alisema.

"Nyuma? Kwa nini?"

"Matokeo yatakuwa ya kuaminika zaidi."

Munzir alishangaa kidogo, akakubali. Akakaa yeye kwenye kile kiti. Akapanga kadi tatu, akasema, "Mkate," kisha akainamia karatasi yake.

Arij alimtazama, akaona utosi. Akamtazama mama yake, lakini kutoka mlangoni mama hakuweza kuziona kadi. Kisha akageuka mwili mzima kitini.

Rudayna alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe.

"Tazama mbele, kipenzi," Munzir alisema.

Arij akashuka kitini. Alimwendea mwalimu wake, akamshika uso kwa viganja viwili vilivyonukia maganda ya chungwa, akauinua taratibu na kuuelekeza mezani. Rudayna akafumba macho. Akahisi kidole gumba kikigusa kope lake, kikijaribu kulifungua bila kuumiza.

"Mwalimu," Arij akasema. "Mkate?"

Alilitamka vizuri. Hata Munzir alielewa.

"Ana haraka tu," Bi Haifa akadakia. "Mpe nyingine, ustadhi. Huyu anasoma, shule nzima inajua."

Munzir akampa nyingine, na nyingine tena, kwa subira, akipiga chafya na kuomba radhi. Mwishoni alikusanya kadi, akamshukuru mtoto huku akimpa mkono kama mtu mzima. Uamuzi ulitolewa palepale. Arij angepelekwa Amman baada ya likizo ya katikati ya mwaka.

Rudayna alimkuta Mama Wisam uani, akimfunga Arij kitambaa shingoni.

"Ungefumbua tu macho," mama alisema, bila kuinua kichwa. "Tu."

"Hakuwa anasoma, Mama Wisam. Alikuwa ananitazama mimi. Nilikosea tangu mwanzo, nikakufurahisha kwa kitu ambacho hakikuwapo."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba alikuwa anakutazama. Unadhani nyumbani anafanyaje? Siku unga ukiniishia, sisemi neno. Ananitazama usoni, anakwenda kulala bila kuomba chakula." Alikaza fundo la kitambaa, akalilegeza, akalikaza tena. "Nilijua siku nyingi. Nilidhani na wewe unajua. Nilikuwa namwambia Mungu, ahsante, umenipa mwalimu mwenye huruma."

Rudayna alitaka kumweleza kuhusu kituo, kwamba huko wana walimu wa kila siku, kwamba mwaka mmoja wa kazi sahihi unaweza kufika mbali. Yote yalikuwa kweli.

Mama Wisam akamshika binti yake mkono, wakaelekea lango la shule. Hakuna aliyekuwa amemwambia Arij kuhusu Amman. Alikuwa akirukaruka, akizungusha pindo la gauni lake la kijani. Karibu na lango aligeuka kumpungia mwalimu wake. Alimtazama usoni, mkono ukiwa bado juu, akaanza kulia.