Nyama Kwenye Jicho la Kipkemboi

Kipkemboi alikuwa amechoma nyama katika soko la Kikopey miaka mingi, kwa hivyo kijinyama cheupe kilipoota kwenye jicho lake la kushoto, kila mtu alijua chanzo chake: moshi. Ngigi, mwenye bucha, alimwambia asimame upande upepo unakotoka. Alihama. Kijinyama kikahama naye.

Mkewe, Wangu, alimsihi aende kliniki. Kipkemboi alikuwa ameacha kwenda huko kuchukua dawa zake za HIV. Alijisikia mzima, na mtu mzima, alisema, hapangi foleni na wagonjwa. Alienda tu kijinyama kilipofika kwenye weusi wa jicho.

"Na hii ni nini?" aliuliza nesi, Jepleting.

"Moshi."

"Moshi hauna mishipa ya damu, mzee."

Akamtuma kwa daktari wa macho, Nakuru mjini. Daktari alimmulika, akamwambia huenda ni saratani. Jua kali huichangia, na kinga ya mwili ikishuka, inapata nafasi.

"Kwa hivyo si moshi."

"Si moshi."

"Mtaling'oa jicho?"

"Ukija sasa, tutatoa hicho kijinyama tu. Ukingoja, tutaongea mengine."

Wiki hiyo kazini alijizoesha kukata mbavu akiwa amefumba jicho la kushoto, aone maisha yatakavyokuwa. Akajikata kidole gumba. Ngigi alimfunga kitambaa, akamuuliza kama hicho nacho ni moshi.

Siku ya upasuaji walimdunga ganzi.

"Usiangalie kisu," daktari alisema.

"Jicho ndilo mnakata. Niangalie na nini?"

Daktari alimwomba anyamaze. Kazi ilipoisha, nesi wa chumba cha upasuaji alilazimika kumbandua vidole kutoka ukingo wa kitanda, kimoja kimoja.

Majibu ya maabara yalisema ilikuwa saratani, lakini haikuwa imeingia ndani. Jicho lilibaki. Alipewa dawa ya matone, akaambiwa avae kofia pana na arudi kuangaliwa, kwa sababu saratani hiyo huweza kurudi. Dawa za HIV alizianza tena, chini ya ulinzi.

"Meza," Wangu alimwambia jioni, glasi ya maji mkononi. Akameza. "Fungua mdomo."

"Wangu, mimi si mtoto."

"Mtoto angekuwa ameshamaliza."

Alifungua. Wangu alichungulia muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akageuka haraka kwenda kutazama ugali, ambao hakuwa ameuweka motoni.